Kuchomelea kwa stima: kuanzia rodi ya geji 12 hadi TIG

"Kijana, unaangalia taa ama unaangalia chuma?"

Mzee aliyenifundisha kazi aliniuliza hivyo siku yangu ya tatu, ndani ya kibanda cha mabati huko Kariobangi, Nairobi. Nilikuwa nimekiinamia kipande cha chuma cha pembe, rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka na kujaza kiungo, ikinguruma mkononi, na mshono niliokuwa nauacha nyuma ulifanana na kinyesi cha kuku. "Taa, mzee," nikajibu. Akanishika kifundo cha mkono, akanirudisha kwenye chuma na kuniambia nitazame nyuma kidogo ya ule mwangaza. Kupitia kioo cheusi nikakiona: kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, kipana kama punje mbili za mahindi, kinatetemeka na kusogea. Hicho ndicho anachokitazama fundi. Hata leo nikipewa mashine nisiyoijua, ya njia yoyote, nauliza kidimbwi kiko wapi.

Kinachofanyika ni hiki. Ukigusa chuma kwa ncha ya rodi kisha ukaiinua kidogo, stima inaruka pengo hilo na kuwasha tao (ule mwangaza) lenye joto linalozidi nyuzi 5,000 za Selsiasi. Chuma cha kawaida huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo joto si shida. Shida ni hewa. Chuma kikiwa kimeyeyuka hunyonya oksijeni na naitrojeni, kikipoa kinakuwa na vitundu na kinavunjika kama biskuti. Njia zote za kuchomelea kwa tao hutofautiana hasa kwa jinsi zinavyokifunika kidimbwi. Rodi ina ganda linaloungua na kutoa moshi wa kukinga pamoja na slagi, utando unaoganda juu ya mshono. MIG, ambayo mashine husukuma waya yenyewe, hutumia gesi ya mtungi. Waya wa fluksi umebeba tumboni fluksi yake, yaani dawa ya kukinga kidimbwi. TIG hutumia gesi ya agoni, na ncha yake ya tangsteni haiyeyuki. Viwandani wanalizika tao lote chini ya unga.

Kazi ipi, njia ipi

Kwa geti, grili za madirisha, stendi ya tangi la maji, au ukarabati wa mkokoteni kando ya barabara, chukua rodi. Haijali upepo sana, inavumilia kutu kidogo, na mashine yake unaibeba begani. Kwa bati jembamba na kazi inayojirudia, kama mabodi ya matatu, MIG ni haraka na haina slagi ya kugonga. Kwa vyuma visivyoshika kutu vya ngazi za fleti, kwa alumini, na kwa mabomba ya maziwa, TIG. Ukitaka kasi ya MIG lakini unafanya kazi uwanjani upepo ukivuma, waya wa fluksi usiohitaji gesi.

Anza na rodi hata kama ndoto yako ni TIG. Rodi inafupika kila sekunde, kwa hiyo inakulazimisha kushusha mkono, kusogea na kusoma kidimbwi kwa wakati mmoja. Aliyeanza na MIG mara nyingi huvuta mshono unaopendeza ambao haukushika popote.

Stima yako kwanza

Soketi za Kenya zina volti 240. Mashine ndogo ya inverta (ile nyepesi ya kielektroniki) ikiendesha rodi ya milimita 2.5 kwa ampea 80 inavuta kutoka ukutani kiasi kinachokaribia uwezo wote wa plagi ya ampea 13. Ukipanda hadi rodi ya 3.2, plagi inaanza kunuka. Mwite fundi wa umeme akuvutie laini yake kutoka kwenye breka, yenye waya mnene na waya wa ardhi wa kweli. Waya ya ekstensheni iwe ya milimita mraba 2.5 au zaidi, na uikunjue yote. Ikibaki imeviringishwa inapata moto hadi ganda linayeyuka. Ukitumia jenereta, usishuke chini ya kVA 5 kwa rodi hiyo ya 2.5.

Kwenye kibao cha mashine utaona kitu kama "200 A 60%". Maana yake ni kwamba kwa ampea 200 itafanya kazi dakika sita katika kila kumi, kisha ipumzike. Ukishusha ampea inavumilia zaidi.

Karakana nyingi za jua kali bado zina zile transfoma nzito zilizosokotwa hapa hapa Nairobi kwa waya wa shaba. Zinafanya kazi na hazifi. Lakini nyingine hazina hata kifuniko, shaba iko nje, mvua ikinyesha sakafu inalowa, na mtu anakanyaga na ndala. Ukirithi mashine ya namna hiyo, ijengee sanduku kabla ya kuchomelea kitu kingine chochote.

Macho, ngozi, pumzi

Wiki yangu ya kwanza nilishikiza vidoti (vishono vifupi vya kushikilia vipande) kama hamsini nikiwa nimefumba macho tu, bila helmeti. Mchana sikusikia lolote. Saa saba usiku niliamka nikadhani mtu amenimwagia mchanga wa moto machoni. Mwanga wa tao una miale inayounguza ngozi ya juu ya jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana wengi hawaunganishi sababu na matokeo. Mwenzangu akaniletea vipande vya kiazi kibichi nijiwekee. Vilipoza kidogo kwa ubaridi wake, basi. Dawa ni kioo namba 10 au 11 kwa rodi za kawaida, na hospitali ya macho kama maumivu hayajapungua siku ya pili. Miwani ya jua ya barabarani haisaidii kitu.

Vaa glavu za ngozi, shati la pamba lenye mikono mirefu, suruali isiyokunjwa chini, na viatu vilivyofunika kidole. Nguo za nailoni huyeyukia kwenye ngozi.

Mafusho ya kuchomelea yaliwekwa mwaka 2017 na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Fanya kazi penye hewa, simama upande unaotoka upepo, na usiinamie moshi. Maziwa tuliyokuwa tukinunuliwa jioni "kusafisha kifua" ni chakula kizuri tu, hayafiki kwenye mapafu. Bomba au bati lililopakwa zinki ndilo baya zaidi: zinki huchemka kwenye nyuzi 907, moshi mweupe unatoka, na usiku unapata baridi, kutetemeka na homa utakayodhani ni malaria. Saga zinki yote kwa grinda ukiwa umevaa barakoa, sentimita kadhaa kila upande, kabla ya kuwasha tao.

Na pipa au tangi lililowahi kuwa na petroli, dizeli au tina ya kuzimulia rangi usiliguse. Hata likioshwa, mvuke hujificha kwenye mikunjo.

Rodi, hatua kwa hatua

Ukifika duka la hadiwea ukasema "geji 12" utapewa rodi ya milimita 2.5, "geji 10" ni 3.2, na "geji 8" ni 4. Ampea za kuanzia: 60 hadi 90 kwa geji 12, 90 hadi 130 kwa geji 10, 130 hadi 180 kwa geji 8. Pakiti inakuambia zaidi. Rodi iliyoandikwa E6013 ni ya nguvu ya paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, ile 1 inamaanisha inafaa mikao yote, na tarakimu ya mwisho inaeleza aina ya ganda. Hii 6013 ndiyo rodi ya kila siku: huwaka kwa urahisi, slagi inatoka vizuri, inakubali AC (stima inayogeuka mwelekeo) na DC (inayokwenda upande mmoja). E7018 ina nguvu zaidi na mshono wake haupasuki kirahisi, lakini inataka mashine nzuri ya DC, rodi ikiwa kwenye chanya, na inataka ukavu. Kwenye transfoma za kizamani inakwama na kuzimika.

Ukavu. Kati ya Machi na Mei, wakati Nairobi imelowa, pakiti iliyofunguliwa kaunta inanyonya unyevu hewani. Rodi hiyo ikiwaka utasikia mlio wa kukaanga na kutema, na mshono unatoka na vitundu. 6013 unaweza kuiokoa kwa saa moja kwenye ovena ya nyuzi 110 hivi. 7018 inahitaji nyuzi 300 na zaidi, na ovena ya jikoni haifiki huko. Nunua pakiti ndogo iliyozibwa, umalize.

Sasa kazi. Safisha chuma hadi king'ae, inchi moja kila upande wa kiungo: rangi, kutu, mafuta, vyote vitoke. Sugua pia pale klampu ya ardhi, ile inayorudisha stima kwenye mashine, itakapobana. Nusu ya mashine "mbovu" nilizoletewa zilikuwa na ugonjwa mmoja tu, klampu iliyobanwa juu ya rangi.

Chuma kinene kupita milimita 6 hivi kisage ukingo kiwe mteremko, vipande viwili vikikutana vifanye herufi V ya nyuzi 60. Acha pengo la milimita 2 chini. Chembamba hakihitaji mteremko.

Shikiza kwa vidoti vifupi pembe zote, ukiruka kutoka kona moja hadi ya mkabala. Pima mishazari miwili kwa utepe. Ikilingana, fremu iko sawa. Isipolingana, gonga sasa. Ukishamaliza mishono ni kukata.

Kuwasha: kwaruza kama unayewasha kiberiti, sentimita mbili mbele ya pale unapotaka kuanzia, kisha rudisha rodi mwanzoni. Ikinata, ipindue kwa haraka. Ikikataa, ifungue kutoka kwenye kishikio. Anayeanza huogopa mlio, huinua mkono juu sana na tao linakatika. Umbali ni unene wa rodi yenyewe, si zaidi. Tao refu hupiga kelele nyembamba na kutawanya matone. Tao sahihi linanguruma mfululizo kama mafuta ya chapati yaliyoiva.

Ilaze rodi kidogo kuelekea upande unaokwenda, kiasi cha nyuzi 10 hadi 20 kutoka wima, na uivute ili kidimbwi kibaki nyuma. Penye slagi, vuta, usisukume. Sasa tazama. Slagi inaelea nyuma ya kidimbwi kama utando juu ya maziwa. Ikikimbilia mbele yako itazikwa ndani ya mshono, kwa hiyo fupisha tao, laza rodi zaidi kidogo, au ongeza ampea tano. Kidimbwi kiwe na upana wa mara mbili hivi ya rodi. Kikiwa kidogo na mshono unajikusanya juu kama kamba, ampea ni chache. Kikipanuka, rodi ikawa nyekundu hadi karibu na kishikio na kingo zikachimbika mfereji, punguza. Mawimbi ya mshono yakichongoka kama mshale, unakimbia. Yakiwa nusu duara laini, mwendo ni mzuri.

Unapomaliza, usiinue mkono ghafla. Rudi nyuma milimita kadhaa, simama kidogo kijaze shimo, ndipo ukate. Shimo lililoachwa mwishoni ndipo ufa huanzia. Subiri ipoe, gonga slagi ukiwa na miwani, piga brashi ya waya. Safu ya pili haiwekwi kabla slagi ya kwanza haijatoka yote.

Geti na stendi ya tangi

Mageti mengi ya mitaani ni tyubu ya mraba ya geji 16, yaani milimita 1.5 tu. Hapa ndipo wanaoanza wanatoboa. Weka rodi kwenye hasi kama mashine ni DC, ampea 55 hadi 60 kwa geji 12, simamisha kiungo wima na ushuke kutoka juu kwenda chini haraka. Fanya sentimita mbili, ruka kona nyingine, rudi. Ukiona kidimbwi kinazama na kung'aa zaidi ghafla, kata tao papo hapo, kwa sababu sekunde inayofuata ni tundu. Pengo likiwa kubwa, kata tyubu upya. Ile janja ya kupachika kijiti cha rodi iliyogongwa ganda ili kuziba pengo inaonekana vizuri chini ya rangi hadi geti linapoanza kuning'inia upande wa bawaba.

Stendi ya tangi haina msamaha wa namna hiyo. Lita 1,000 za maji ni tani nzima, na chini yake watoto wanacheza. Tumia chuma cha pembe kinene, saga mteremko kinapozidi milimita 6, panda kutoka chini kwenda juu kwenye mishono ya wima, geji 10 ya 7018 kama mashine inaibeba, 6013 iliyozama vizuri kama haiibebi. Kupanda ni polepole: tikisa ncha kushoto na kulia, simama kidogo pembeni, pita katikati haraka. Kidimbwi kikianza kuning'inia kama kamasi, punguza ampea.

MIG na waya wa fluksi

Hapa waya unajisukuma wenyewe kupitia bunduki, kwa hiyo mkono mmoja unatosha. Waya wa kawaida ni ER70S-6, milimita 0.8 kwa mabodi na tyubu, ukiwa kwenye chanya. Gesi ni kaboni dayoksaidi tupu, ambayo ni rahisi na inazama vizuri lakini inatema matone, au mchanganyiko wa agoni na asilimia 20 hadi 25 ya hiyo, unaotoa mshono laini. Mtiririko uwe lita 10 hadi 15 kwa dakika. Ukizidisha, gesi inavurugika na kuvuta hewa ndani. Regaleta (kifaa cha kupunguza shinikizo la mtungi) ya kaboni dayoksaidi huganda barafu kazi ikiwa ndefu, ndiyo maana nyingi zina hita.

Acha waya uchomoze milimita 10 hadi 12. Kwa bati la milimita 1.5 anza na volti 17 hivi, kisha rekebisha kasi ya waya hadi usikie mlio wa nyama inayokaangwa, mfululizo. Waya ukigonga chuma na kusukuma bunduki nyuma, kasi imezidi. Ukiyeyuka kuwa tone kubwa na kurudi kwenye ncha ya shaba, kasi ni ndogo. Unaweza kusukuma au kuvuta, maana hakuna slagi. Onyo moja: tao likiwa nyuma juu ya kidimbwi badala ya ukingo wa mbele, chuma kinalala juu tu bila kushika.

Waya wa fluksi usiotumia gesi unafungwa kinyume, bunduki kwenye hasi. Watu husahau kubadili na kulaumu waya. Unavutwa, una slagi, na magurudumu yanayousukuma yawe yale yenye meno, bila kukazwa sana, kwa sababu ni mrija na unapondeka.

TIG

Ni polepole na inahitaji mikono miwili, mmoja umeshika tochi, mwingine unachovya waya. Gesi ni agoni safi, lita 7 hadi 10 kwa dakika. Chuma na stenlesi (kile kisichoshika kutu) huchomelewa kwa DC, tochi ikiwa kwenye hasi. Alumini inataka AC, kwa sababu imefunikwa na ngozi ya oksidi inayoyeyuka kwenye nyuzi 2,000 na zaidi ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660; nusu ya mzunguko wa AC ndiyo inayoivunja ngozi hiyo. Mashine ya DC pekee haitakufanyia alumini, hata muuzaji akisemaje.

Noa tangsteni kwa urefu kama penseli, kwenye jiwe lisilotumika kwa kazi nyingine. Ile yenye mkia mwekundu ina thoriamu, vumbi lake lina mnururisho, chukua ya buluu. Ncha ikigusa kidimbwi, simama unoe upya; ukiendelea tao linatangatanga. Fungua kidimbwi kwanza, chovya waya kwenye ukingo wake wa mbele, toa, sogea. Ncha ya waya isitoke ndani ya gesi. Ukimaliza, tulia na tochi hapo hapo sekunde tano hadi kumi gesi ikiendelea. Mshono wa stenlesi wenye rangi ya majani makavu au dhahabu ni mzuri. Ukiwa wa kijivu au mweusi, umeuchoma, na kutu itaanzia hapo. Kwa bomba la maziwa, jaza agoni pia upande wa ndani.

Chini ya unga

Kwenye viwanda vya matangi makubwa na mihimili utakuta mashine inayotembea yenyewe, ikimwaga unga juu ya kiungo na kulizika tao ndani yake. Inatumia mamia ya ampea na huchomelea mlalo tu. Haiuzwi kwa karakana ndogo, na huko huhitaji helmeti kwa sababu taa haionekani.

Vunja uliyoyafanya

Ukitaka cheti, NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hufanya mitihani ya ufundi kwa gredi, kuanzia III hadi I, na wanaotoka jua kali hukubaliwa. Lakini usingoje mtihani kujua kama mishono yako inashika. Kata vipande viwili vya bapa la chuma la milimita 6, viunganishe kwa umbo la T, chomelea upande mmoja pekee. Bana kwenye jiliwa, kisha gonga kwa nyundo nzito hadi kipande kikunjike kuelekea upande wenye mshono na kifunguke. Tazama ndani ya kilichovunjika. Vitundu vya mviringo ni unyevu, uchafu au upepo. Mstari mweusi ni slagi iliyozikwa. Ukiona ukingo wa bapa bado mnyoofu, na alama za msumeno zingalipo pale kwenye kona, mshono haukufika chini: ongeza ampea kumi, fupisha tao, chukua bapa lingine.